Kupimwa na Kuulizwa

Mwishoni mwa mwaka 1861, ndani ya nyumba ya nyasi isiyo mbali na ikulu ya Omukama Rumanyika pale Bweranyange, mwanamke mmoja alikubali kupimwa. Alikuwa shemeji wa mfalme, mnene kwa unene uliotafutwa kwa makusudi, kibuyu cha maziwa baada ya kibuyu, kwani katika Karagwe iliyotawaliwa na ukoo wa Wahinda unene wa mke ulikuwa heshima ya nyumba. Mpimaji alikuwa Mwingereza, John Hanning Speke, aliyekuwa njiani kutafuta chimbuko la Mto Nile. Ili akubaliwe, Speke aliahidi kwamba naye atamwonyesha mama huyo mikono na miguu yake mitupu. Wakapatana. Mama akajikokota hadi katikati ya chumba. Mkono, futi 1 na inchi 11. Kifua, futi 4 na inchi 4. Paja, futi 2 na inchi 7. Kimo, futi 5 na inchi 8. Binti yake wa miaka 16 alikuwa ameketi papo hapo akinywa maziwa, na baba ameshika fimbo ili asiache kunywa.

Vipimo hivyo viliingia katika kitabu alichochapisha Speke mwaka 1863, na vinasomwa hadi leo. Jina la mama huyo halimo. Wala hatuambiwi yeye mwenyewe aliuonaje mwili wake: kama uliuma, kama alilala vizuri, kama aliweza kukaa na mumewe kwa raha.

Msimu huohuo, mwenzake Speke, James Augustus Grant, aliugua palepale Karagwe. Mguu wake ulivimba na kutoa usaha, hata Speke alipoondoka kwenda Buganda Januari 1862 ilimbidi amwache nyuma. Grant alibaki chini ya ulinzi wa Rumanyika hadi Aprili, kisha akatoka amebebwa kwa machela. Kitabu chake cha mwaka 1864 kinausimulia ugonjwa huo kwa kirefu, maumivu yake na dawa za wenyeji alizojaribu. Bweranyange ikatuachia basi kumbukumbu mbili za mwili kutoka msimu mmoja: mwanamume aliyesimulia alivyoumwa, na mwanamke aliyeandikwa kwa inchi.

Historia inayofuata ni ya wanawake wa upande ule wa nchi, leo mkoa wa Kagera nchini Tanzania, na tiba ya saratani kwa mionzi. Ukiifuatilia utaona kwamba walipimwa mapema sana. Kuulizwa ndiko kulikochelewa.

Sampuli zinatangulia

Kabla mgonjwa wa Kagera hajapelekwa hospitali ya Ocean Road, zilipelekwa sampuli. Wajerumani walifungua hospitali hiyo ufukweni Dar es Salaam mwaka 1897, nao waliijenga kwa ajili ya Wazungu. Waafrika walitibiwa katika hospitali iliyobeba jina la tajiri Sewa Haji. Wakati huo Robert Koch, mtaalamu wa vimelea aliyegundua chanzo cha kifua kikuu, alikuwa katika koloni la Wajerumani akichunguza magonjwa ya watu na mifugo. Habari zikafika kwamba huko Kiziba, magharibi mwa Ziwa Viktoria, watu wanakufa kwa ugonjwa wa matezi. Daktari Zupitza akatumwa. Sampuli zikashuka hadi pwani, Koch akaziangalia kwa hadubini, akathibitisha: ni tauni.

Hiyo ilikuwa kazi njema ya sayansi. Lakini iliweka mtindo. Kutoka ziwani hadi baharini zilisafiri chupa na vioo, na majibu yakabaki kwa wakubwa. Wenye miili walibaki Kiziba. Ilipita karibu karne nzima kabla ya mwanamke wa kawaida kutoka Karagwe au Kiziba kuingia katika jengo hilohilo la Ocean Road akiwa na barua ya rufaa mkononi, amekuja kutibiwa.

Jiwe la Katanga

Dawa yenyewe ilikuwa imeshaanza kutafutwa mbali. Wilhelm Röntgen aligundua miali ya eksirei mwaka 1895, na Marie na Pierre Curie wakatangaza radiamu mwaka 1898. Haukupita muda mrefu, mwaka 1903, daktari Margaret Cleaves wa New York aliweka radiamu ndani ya mwili wa mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Wazo lilikuwa jepesi: uvimbe uko ndani, njia ya kuufikia ipo tayari, basi chanzo cha mionzi kipelekwe hadi mlangoni pake. Tiba ya leo ya mionzi ya ndani ni mjukuu wa wazo hilo.

Radiamu ilikuwa ghali kupita dhahabu. Mwaka 1915 madini yake yaligunduliwa Shinkolobwe, huko Kongo, katika Katanga ya wasemaji wa Kiswahili cha migodini. Kampuni ya Union Minière ikayachimba, ikaanza kuyasafisha huko Ubelgiji mwaka 1922, na muda si muda ikalishika soko la dunia. Kwa miaka mingi, mwanamke aliyetibiwa saratani ya kizazi katika hospitali za Ulaya aliweza kuwa na chembe ya jiwe la Katanga ndani ya mwili wake, wakati jirani wa mgodi huo, na jirani wa jirani yake hadi Karagwe, akifa kwa ugonjwa uleule bila hata kujua unavyoitwa. Oktoba 1951, huko London katika jimbo la Ontario, Kanada, mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mashine ya kobalti-60. Hiyo ndiyo mashine iliyokuja kuivusha tiba hii hadi Afrika, kwa kuwa ni imara na haihitaji umeme mwingi.

Tanzania ilianza kutoa tiba ya mionzi pale Ocean Road mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya Muhimbili. Mwaka 1996 hospitali hiyo ikawa taasisi inayojitegemea, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mwaka huohuo, tarehe 21 Mei, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Watu wa Kagera wanaukumbuka mwaka ule kwa msiba huo, na ni haki yao. Lakini kwa aliyekuwa na barua ya rufaa, njia ya kwenda hospitali nayo ilikuwa imefungwa kwa hofu ya maji.

Mwaka 1983

Mwaka mwingine nao unahitaji kutazamwa kwa makini. Mwaka 1983, huko Ujerumani, Harald zur Hausen na wenzake walitangaza kwamba wamekipata kirusi cha HPV cha aina ya 16 ndani ya saratani ya mlango wa kizazi. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mwaka huohuo wa 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizovushwa kutoka Uganda na wafanyabiashara wa magendo.

Mambo hayo mawili yalikuja kukutana ndani ya mwili mmoja. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi karibu mara sita ya asiye na VVU, kwa sababu kinga yake haiwezi kukifukuza kirusi cha HPV kama inavyopaswa. Dawa za kufubaza VVU zilipofika, vifo vya wanawake wa Kagera kwa Juliana vilipungua. Walioishi, baadhi yao wakaishi hadi kuipata saratani.

UKIMWI ulileta pia watafiti, na watu wa Kagera waliulizwa maswali ya chumbani. Umewahi kuwa na wapenzi wangapi? Mara ya mwisho ulitumia kondomu? Yalikuwa maswali ya lazima, na majibu yake yaliokoa maisha. Ila yote yalitoka upande mmoja, upande wa hatari. Kwa miaka 40 tendo la ndoa lilizungumzwa Kagera kama mlango wa kifo. Kizazi kizima cha wauguzi kilifundishwa kuuliza nani amelala na nani. Hakuna aliyewafundisha kuuliza: je, unaumia?

Wiki saba mbali na mgomba

Tumchukue mwanamke yeyote wa Bweranyange wa miaka 45, mke wa mkulima wa kahawa. Ameona damu baada ya kukutana na mumewe. Ameinyamazia miezi. Uchafu unapoanza kunuka anakwenda zahanati, kisha hospitali ya Nyakahanga, kisha Bukoba. Wanakata kinyama, wanasubiri majibu. Utafiti uliofanyika hospitali ya Bugando, Mwanza, ukachapishwa mwaka 2016, uliwaangalia wanawake 202 wa Kanda ya Ziwa wenye saratani hiyo. Karibu theluthi mbili walikuwa wamefika ugonjwa ukiwa katika hatua za mwisho mwisho. Hapo kisu hakitoshi tena. Inabaki mionzi.

Hili ni jambo la kuzingatia. Pale ambapo saratani hukamatwa mapema, wengi humaliza kwa upasuaji, na baadhi hawaguswi na mionzi kabisa. Kwetu, kuchelewa kunamsukuma mgonjwa kwenye mionzi, na mionzi ndiyo yenye kuacha alama katika maisha ya ndoa. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Watanzania zaidi ya 10,000 hupata saratani ya mlango wa kizazi kila mwaka. Mpaka hivi karibuni karibu wote waliohitaji mionzi walitazama mahali pamoja, Ocean Road, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Karagwe kwa basi. Bugando ilipoanza kutoa huduma hiyo, watu wa Kagera walipunguziwa safari kwa zaidi ya nusu.

Matibabu yenyewe ni kazi ya wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache kila siku. Fundi wa mionzi humchora mgonjwa alama za wino kiunoni na kumwonya asizifute akioga. Analala, mashine inazunguka, hasikii kitu. Mara moja kwa wiki hutundikiwa dripu ya dawa ya sisiplatini. Kisha inakuja mionzi ya ndani. Bomba jembamba la chuma hupitishwa ukeni hadi ndani ya kizazi, na mengine mawili yenye vichwa vya mviringo huwekwa kushoto na kulia kwa mlango wake. Shashi hushindiliwa ili vitu visitikisike. Watumishi wote hutoka, mlango mzito hufungwa, na chanzo cha mionzi hutembea ndani ya mabomba hayo kwa dakika zilizohesabiwa. Mgonjwa amelala chali, miguu juu, peke yake chumbani.

Siku ya kuruhusiwa anaambiwa mambo matatu: uvimbe umesinyaa, rudi baada ya miezi mitatu, kula vizuri. Anapanda basi. Huko nyumbani mgomba umeota magugu na mume amekula kwa majirani wiki saba.

Yanayotokea baadaye yana sababu zake, na zinaelezeka. Mionzi iliyopita kwenye nyonga huua mayai katika ovari, hivyo hedhi hukoma ndani ya wiki chache na homoni inayolainisha uke hukatika. Mishipa midogo ya damu huziba polepole. Ngozi ya ndani huwa nyembamba, kavu, yenye kuvuja damu ikiguswa. Kovu hutanda, kuta zilizokuwa zinanyumbulika hukakamaa, na zisipotenganishwa huweza kushikana. Kazi hiyo huendelea kimyakimya kwa miezi, hata miaka miwili baada ya mashine kuzimwa. Utumbo na kibofu, majirani wa kizazi, nao huweza kulalamika: kuharisha, haja za ghafla, mkojo wa mara kwa mara.

Yeye hajui lolote kati ya haya. Usiku wa kwanza mumewe anapomkaribia anahisi kama amewekewa msumeno, anaona damu, na anakata shauri peke yake kwamba saratani imerudi. Mume naye amesikia kijiweni kwamba aliyechomwa mionzi huweza kumuunguza mwenzake. Anahamia chumba kingine, na kuanzia hapo hakuna anayelitaja jambo lile. Laiti mtu mmoja angewaambia: mionzi ile haibaki mwilini, saratani haiambukizwi kitandani, na damu ile huenda ni ngozi dhaifu, ingawa inafaa daktari aione.

Wataalamu wanaanza kuuliza

Kunyamaza huku hakukuwa kwa Afrika peke yake. Kwa miaka 70 baada ya Cleaves, wataalamu wa mionzi duniani walihesabu kitu kimoja: wangapi wako hai baada ya miaka mitano. Kizazi kilitibiwa, mwenye kizazi akaandikwa mzima. Mwaka 1974 madaktari wawili wa Marekani, Abitbol na Davenport, walichapisha uchunguzi wa wanawake waliotibiwa saratani ya mlango wa kizazi, wakilinganisha waliopasuliwa na waliopigwa mionzi. Wakaeleza waziwazi hali ya uke uliopita mionzini, na kwamba maisha ya ndoa ya wengi yalikuwa yameharibika. Halikuwa jambo jipya kwa wagonjwa. Kwenye majarida ya madaktari lilikuwa jipya.

Mwaka 1993 shirika la Ulaya la utafiti wa saratani, EORTC, lilitoa dodoso la maswali 30 la kupima ubora wa maisha: usingizi, uchovu, hamu ya chakula, fedha, majonzi. Mwaka 2006 likaongezewa maswali 24 ya wenye saratani ya mlango wa kizazi, yakiwemo ya uke kuwa mkavu, kuwa mfupi, kubana, na maumivu ya tendo. Kati ya miaka hiyo miwili zilitoka tafiti mbili kubwa kutoka kaskazini ya Ulaya. Huko Sweden, Karin Bergmark na wenzake mwaka 1999 waliwalinganisha wanawake waliotibiwa, wengine kwa kisu na wengine kwa mionzi, na wanawake wasiowahi kuugua. Ukavu wakati wa tendo ulikuwa asilimia 26 kwa waliotibiwa na 11 kwa wengine. Waliohisi uke umekuwa mfupi walikuwa 26 kwa 3. Huko Denmark, Pernille Jensen na wenzake mwaka 2003 waliwafuatilia kwa miaka miwili wanawake 118 waliopona kwa mionzi. Asilimia 55 walipata maumivu, madogo au makali. Asilimia 85 hamu yao ilikuwa ndogo au haipo. Na bado asilimia 63 ya waliokuwa na maisha ya ndoa kabla ya ugonjwa waliendelea nayo, japo kwa nadra.

Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo ya kutazamwa mara mbili. Wanawake hawa hawakuwa wameacha mapenzi. Walikuwa wanajaribu, kwa maumivu, bila msaada.

Wanaume nao wana sura yao. Anayetibiwa saratani ya tezi dume kwa mionzi, nguvu zake hazipotei siku hiyohiyo. Hupungua taratibu mwaka hadi mwaka, kadiri mishipa na neva zinavyochoka. Yeye angalau ana neno la kulisemea jambo hilo, na dawa zake zimebandikwa kwenye kuta za kila mji wa Tanzania, za kweli na za uongo. Hakuna bango la uke uliokauka.

Swali linaloruka watu

Dodoso lina hila yake, na yeyote atakayelibeba kupanda nalo Karagwe sharti aijue. Maswali ya uke na maumivu hujibiwa na yule tu aliyekutana na mwenzake katika wiki nne zilizopita. Aliyeacha kabisa kwa sababu ya maumivu huyaruka. Jedwali litaonyesha maumivu kidogo, kumbe walioumia zaidi wameshatoka nje ya hesabu.

Halafu kuna lugha. Ukisema tendo la ndoa, mjane na asiyeolewa watadhani hawahusiki. Ukisema sehemu za siri, hujui anayejibu amefikiria kipi. Ukisema uke, bibi Mnyambo wa Karagwe atainamisha uso, maana neno hilo la vitabuni linasikika kavu kuliko matusi. Speke alikuwa na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, aliyevusha maneno kutoka lugha hadi lugha. Mtafiti wa leo naye anahitaji mtu kama huyo, na ni afadhali awe mwanamke wa makamo.

Ugumu wa tatu uko katika utamaduni wenyewe, na hapa Kagera ina la kuifundisha dunia. Kanda yote hii, kutoka Rwanda hadi Buhaya, nchi ya Wahaya, imelea ufundi wa mapenzi ambao msingi wake ni unyevu wa mwanamke. Wanyarwanda wanauita kunyaza. Tanzania nzima inaujua kwa jina la katerero, na vijiweni unafanyiwa mzaha ingawa ni elimu ya watu wazima. Shangazi alimfundisha mwali, mume alijisifu kwa kazi yake, na maji yalikuwa ushahidi kwamba nyumba ina amani. Sasa mweke humo mwanamke ambaye mionzi imemkausha. Pengo lake halimo katika dodoso lile la Ulaya. Mswidi anaulizwa kama ukavu unamsumbua. Mwanamke wa Bweranyange, ukavu ule unamvua cheti alichopewa na shangazi yake.

Kwa nini basi hospitali zetu zilikaa kimya? Sababu moja ni ya haki kabisa. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Mulago, iliharibika isitengenezeke, na nchi ikakaa zaidi ya mwaka mzima bila nyingine. Mahali ambapo kuishi kwenyewe kunategemea chuma kimoja kikuukuu, anayeuliza habari za kitandani huonekana anataka anasa. Sababu ya pili ni kwamba wauguzi na madaktari hawakufundishwa. Miaka ya karibuni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kikishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakiwemo Michael Ross na Simon Rosser, kilitunga mafunzo ya afya ya kujamiiana kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na ukunga, na kuyajaribu kwa zaidi ya wanafunzi 400. Hoja ya mafunzo hayo ni nyepesi: anayetaka mgonjwa aseme, yeye mwenyewe ajifunze kwanza kulitaja jambo bila kucheka wala kuhubiri.

Cha kumpa mgonjwa kipo, na hakihitaji mashine ya mabilioni. Kipo kifaa cha kupanulia uke, kijiti laini cha plastiki chenye ncha ya mviringo, kwa kawaida katika seti ya saizi kadhaa, kidogo hadi kikubwa. Huanza kutumika wiki chache baada ya tiba, mara mbili au tatu kwa wiki, dakika chache, ili kovu lisifunge njia. Njia hiyo ina kazi hata kwa asiyetaka mume tena, kwani humo ndimo daktari atakamoangalia kama saratani imerudi. Ipo krimu ya homoni kwa anayefaa kuipata. Kipo kilainishi cha maji. Na hapa, katika mkoa ulioijua Juliana kabla ya wengine, muuguzi aongeze sentensi moja: kwa mwenye kutumia kondomu, vaselini na mafuta ya kupikia hayafai, kwani yanaipasua.

Zaidi ya vyote aitwe mume. Akae kwenye benchi lilelile, aambiwe kwamba hataungua, kwamba mkewe hajamkataa, na kwamba ufundi aliojivunia haujafa. Utahitaji subira na chupa ndogo kutoka duka la dawa.

Kwa wasichana njia nyingine imeshafunguliwa: mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwachanja mabinti wa miaka 14 dhidi ya HPV nchi nzima, na mama zao hupimwa kwa siki kwenye vituo vya afya, tone linalogeuza ngozi mbovu kuwa nyeupe machoni pa muuguzi. Huenda wajukuu wa Bweranyange wasiijue kabisa meza ya mionzi. Waliokwisha kulala juu yake wako hai leo, wanapalilia migomba, na wengi wao hawajaulizwa.

Tumrudie mama wa mwaka 1861. Katika kisa chake kuna jambo ambalo wasomaji hulipita haraka. Hakupimwa bure. Kabla hajasogea hata hatua moja katikati ya chumba alikuwa ameahidiwa malipo: mgeni avue, aonyeshe mikono na miguu. Alijua kwamba anayekuja kuutazama mwili wako anadaiwa kitu. Mtafiti atakayepanda Bweranyange na dodoso lake la maswali 24 anaingia katika nyumba ambayo bei yake iliwekwa zamani. Akishauliza, asifunge daftari na kuondoka. Afungue mkoba, atoe kile kijiti na ile chupa, aanze kueleza.